Kisu cha jiwe hakikunolewa, kilibanduliwa

Hapa Goma tunaishi juu ya mawe ya volkano, na watu wengi huniambia kwamba wahenga walipata visu vya mawe kwa kuyasugua hadi yawe makali, kama mama anavyonoa kisu cha jikoni. Sivyo. Kusugua kulikuja baadaye sana, hasa kwa mashoka. Kwa muda mrefu zaidi, zaidi ya miaka milioni 2, watu waligonga.

Hawakugonga ovyo. Fundi alishika jiwe mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika jiwe la mviringo kama nyundo. Alitafuta ukingo wenye pembe iliyo chini ya nyuzi 90, akapiga karibu kabisa na ukingo huo. Kibanzi chembamba kikabanduka, na makali yake yapo tayari. Mara nyingi kibanzi hicho ndicho kilichokuwa kisu! Tazama kipande kinene cha chupa iliyovunjika: utaona mawimbi madogo yakitoka pale ilipopigwa. Gumegume, lile jiwe gumu la kuwashia moto, nalo huvunjika hivyohivyo.

Lava yetu yenye matundu haifai sana, kwa sababu ufa hukatizwa njiani. Kule Ishango, kando ya Ziwa Edward, watu walitumia kwatzi, jiwe gumu linalong'aa kama kioo. Ule mfupa maarufu wenye alama za mikato, ambazo wengine hudhani ni za hesabu, uliofukuliwa mwaka 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin, una kipande cha kwatzi kilichopachikwa kwenye ncha yake. Nauona kuwa mpini wa kazi, na unanigusa kuliko hesabu zake.