Msiniambie tena kwamba watu wa Mjini hawasikii

Kila tukikaa kupanga maandalizi ya kipindupindu kabla ya masika, hakosi mtu wa kusema: "Tatizo letu, watu wa Mjini hawasikii." Safari hii msemaji kaongeza na Kigali. Mwaka 2020, anasema, Wanyarwanda waliambiwa wakae ndani wakakaa. Sisi hata lokidauni yenyewe haikuwekwa, masharti yalikuwa mepesi tu, na bado soko la Darajani lilijaa. Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi ni bwana afya, kazi yangu iko mitaa ya Ng'ambo, hapa Mjini Zanzibar. Maneno haya niliyasikia kwenye kipindupindu, nikayasikia kwenye korona, na yananikera kwa sababu yana madhara: yanatufanya tuandike amri isiyotekelezeka, halafu lawama tuwatwike waliopewa.

Kigali tuimalize haraka. Rwanda ilitangaza kufunga tarehe 21 Machi 2020, na wiki moja baadaye serikali ilikuwa ikigawa unga, mchele na maharagwe kwa watu waliokuwa wakiishi kwa kibarua cha kila siku. Askari nao walikuwa njiani, hilo halifichiki. Lakini anayewataja askari bila kuyataja maharagwe amesimulia nusu ya habari.

Kuna mfano wa karibu zaidi na hautajwi: kivuko cha Likoni, Mombasa. Tarehe 27 Machi 2020 Kenya ilianza amri ya kutotoka nje, saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Jioni ile watu walibanana kwenye kivuko, askari wakawapiga na kuwarushia mabomu ya machozi. Ukitazama picha zile utasema hawa ndio wasiojali maradhi. Basi jiulize walikuwa wakienda wapi. Walikuwa wakiwahi kufika nyumbani kabla ya saa moja! Kivuko ni kilekile, saa za kuvuka zimekatwa, na kila aliyetaka kutii alilazimika kuvuka pamoja na wote wengine waliotaka kutii. Msongamano ule uliletwa na amri iliyotolewa ili kuuzuia.

Sasa turudi kwetu. "Kaa nyumbani." Nyumba gani? Zipo nyumba Ng'ambo zenye vyumba sita na kaya nne, choo kimoja, ua mmoja, na adhuhuri bati linachoma mpaka kitanda hakilaliki. Baraza ndiyo sebule ya wanaume wa nyumba ile. Mtu aliyekaa barazani kwake yuko nyumbani au yuko nje? Niliwahi kuliuliza swali hili mbele ya wakubwa zangu, wakadhani nafanya mzaha. Sikuwa na mzaha. Zamu ya asubuhi anapita askari anayewafukuza wazee, zamu ya jioni anapita mwengine anayewaamkia shikamoo na kwenda zake. Baada ya siku chache mtaa mzima umeshajua kwamba amri inategemea nani yuko zamu, na amri ya namna hiyo haitiiwi popote duniani, Kigali ikiwemo.

Tena, barazani tunakataza nini hasa? Kwenye korona tunaogopa hewa iliyofungana. Mzee aliyekaa nje penye upepo, ameacha nafasi na jirani yake, yuko salama kuliko akirudishwa chumbani alale na wajukuu. Kwa hiyo tulilokuwa tukilikataza lilikuwa na nafuu kuliko tulilokuwa tukiliamrisha. Kwenye kipindupindu baraza halina kosa hata kidogo. Kinachoniogopesha ni vikombe vya kahawa. Muuza kahawa ana vikombe vichache na ndoo moja ya kusuuzia, na maji yake huwa yaleyale tangu alipotoka kwake. Mpe klorini, mwonyeshe kipimo, awe na ndoo ya pili na vikombe vya kutosha, kisha muache auze. Hilo analiweza na atalifanya, kwa sababu wateja wenyewe watamtazama mkononi.

Na jengine ambalo vikaoni halionekani: barazani ndipo ninapojua nani ameanza kuharisha. Naambiwa palepale, "Kwa fulani jana hawakulala." Baraza likivunjwa, habari ile itanifikia kwa sheha, kiongozi wa mtaa, siku ya tatu, mgonjwa keshakaukiwa na choo keshakitumia pamoja na kaya nzima.

Ndoo za kunawia za mwaka 2020 sina haja ya kuzieleza sana. Asubuhi zilikuwa na maji na sabuni, mchana zilikuwa kavu. Pale ambapo maji ya bomba hutoka usiku tu, nani atoe ndoo yake ya kupikia ainawishe njia nzima?

Hapa nitasema jambo ambalo kwenye mafunzo hulisikii. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza 2015 ulitupa wagonjwa zaidi ya 4,000 na vifo zaidi ya 60. Aprili 2016 skuli zikafungwa, na uuzaji wa vyakula na vinywaji mitaani ukapigwa marufuku. Baadaye wagonjwa wakapungua. Kwenye mawasilisho tunachora mstari unaoshuka na kuweka mshale siku ya marufuku, kila mtu anaridhika. Lakini masika nayo yalikuwa yakimalizika, na klorini ilikuwa ikitiwa visimani. Mimi siamini kwamba kuna anayeweza kuutenganisha mchango wa marufuku na mchango wa mvua kuisha. Ninachokijua ni kwamba urojo na juisi havikwisha Mjini. Viliingia uani, nyuma ya mlango, ambako ndoo ya muuzaji siioni. Inawezekana kwamba marufuku iliwatia hofu wanunuzi na hiyo ikasaidia. Inawezekana pia kwamba ilinifichia hatari. Nayabeba yote mawili.

Hata huko kupima utii kwenyewe kuna walakini. Mwaka 2020 tulisimama mlango wa soko kuhesabu waliovaa barakoa. Anapita mama amevaa nikabu: kavaa au hakuvaa? Mmoja wetu anatia alama ya ndiyo, mwengine ya hapana, wa tatu hamhesabu kabisa. Mjini, ambako nikabu ni vazi la kila siku kwa wengi, tofauti hiyo pekee yaweza kugeuza ripoti nzima. Kisha asilimia ile ikatoka kwetu ikapanda juu, ikarudi kwenye kikao ikiwa ushahidi kwamba watu hawasikii.

Na wasikie nini? Takwimu za korona za Taifa zilisimama tarehe 29 Aprili 2020, na zetu za Zanzibar mwezi wa Mei. Tangu hapo mtu alikuwa akihesabu maziko anayoyaona mwenyewe. Januari 2021 chama cha Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kikasema waziwazi kwamba ana korona, na tarehe 17 Februari akafariki. Amri mpya hazikutoka mtaani kwangu, lakini barakoa niliziona zikirudi madukani na misikitini. Watu walewale wanaoitwa wakaidi walikuwa wameambiwa jambo moja la kweli kuhusu mtu wanayemjua.

Kwa kikao kijacho nina ombi, na nitalirudia mpaka lijibiwe. Mama anayeuza urojo akianza kuharisha tunamwambia akae siku kadhaa asiuze. Siku hizo watoto wake watakula nini, na fungu lake liko kwenye mstari gani wa bajeti? Kama mstari huo upo, niandikieni amri kali kadiri mnavyotaka, nitaipeleka mlango kwa mlango. Kama haupo, basi msiniandikie "asiuze". Niandikieni klorini, ndoo ya pili na vikombe, na mniletee kabla ya mvua ya kwanza.