Mtoto na kipimo cha kamera ya tumbo: yanayosemwa na ukweli wake

"Damu imeonyesha bakteria, kwa hiyo mtoto ana vidonda vya tumbo." Dhana hii ndiyo inayowaponza watoto wengi, maana hufuatiwa na rundo la antibayotiki. Kipimo cha damu huonyesha kingamwili tu, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza kupambana na bakteria, nazo hubaki mwilini miezi mingi hata baada ya bakteria kuondoka. Tena watoto wengi wenye Helikobakta pailori, ndio bakteria hao wa tumbo, hawana kidonda wala dalili yoyote. Miongozo ya madaktari wa tumbo la watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini inakikataa kipimo hicho kwa kazi hii. Inataka endoskopi: mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi kwenye mfuko wa chakula, daktari akatazama na kuchukua vinyama, yaani vipande vidogo vya utando wa ndani vya kupimwa maabara.

"Kamera haikuona kitu, basi mtoto ni mzima." Hapana. Utando wa ndani unaweza kuonekana mzuri kabisa kumbe una uvimbe unaoonekana kwa hadubini pekee. Ndiyo maana hushauriwa vichukuliwe vinyama visivyopungua 6, vya sehemu ya chini na ya kati ya mfuko. Mzazi, uliza bila woga: vinyama vimechukuliwa? Majibu ya maabara yatatoka lini? Na kama mtoto alikuwa anatumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, mwambie daktari mapema. Kwa kawaida husimamishwa wiki 2 kabla, na antibayotiki wiki 4, la sivyo bakteria wanaweza kukosekana kwenye vinyama ilhali wamo.

"Kinyama kikikatwa kitamwachia mtoto jeraha." Utando huo hauhisi mkato, mtoto amepewa dawa ya usingizi, na kinyama ni kidogo kama punje ya ufuta. Kutoboka kwa utumbo au kuvuja damu nyingi hutokea kwa nadra sana.

"Uji kidogo asubuhi hauna neno." Una neno kubwa! Akiwa usingizini chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Chakula huachwa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji saa 2.

Wala si kila anayelia tumbo anahitaji kamera. Wengi huumwa bila utando kuwa na kasoro. Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, anayekonda, anayeamshwa na maumivu usiku, au mwenye upungufu wa damu usiosikia dawa za madini ya chuma, huyo apelekwe kwa daktari wa watoto bila kusubiri.