Mfumo wa Biashara: Kununua au Kujenga Wenyewe?

Bodi nyingi za SACCOS na kampuni za kati, zikitafuta mfumo wa kompyuta wa kuendeshea kazi zao, huanza na bei: mzabuni anataka kiasi gani, na tukiajiri mtu wa TEHAMA atatugharimu kiasi gani. Tunashauri muanze kwingine. Je, kazi mnayotaka mfumo uifanye ni ya kila mtu, au ni yenu peke yenu?

Leja, mishahara na stoo huendeshwa karibu sawa kila mahali. Hizo nunueni. Viwango vya kodi vikibadilika Julai, muuzaji mwenye wateja wengi ndiye atakayekesha kurekebisha, si mhasibu wenu. Ila mkinunua, mkubali kufuata utaratibu wa mfumo. Lidl, kampuni ya maduka ya Ujerumani, ilianza kuweka mfumo wa kampuni ya programu ya SAP mwaka 2011. Mfumo ulithamini bidhaa kwa bei ya kuuzia. Lidl walizoea bei ya kununulia, wakataka mfumo ndio uwafuate wao. Mwaka 2018 waliachana nao, baada ya kutumia fedha zilizoripotiwa kufikia karibu yuro milioni 500.

Kujenga nako kuna mahali pake. GePG, mfumo wa malipo ya Serikali ya Tanzania ulioanza mwaka 2017, ni kazi ya wataalamu wa ndani. Ulitakiwa kuziunganisha taasisi za umma na mabenki na mitandao ya simu kwa namba ya malipo, kazi yenye taratibu za Serikali yenyewe. Lakini Serikali inao watu wa kuutunza. Taasisi yenye mtaalamu mmoja tu isijenge: akipata kazi kwingine, anaondoka na mfumo kichwani.

Mkiamua kununua, kabla ya kusaini someni kifungu cha kuvunja mkataba kwa makini kuliko ukurasa wa bei. Kitaje kwamba taarifa ni zenu, mtarudishiwa kwa muda gani, na kwa muundo gani. Lundo la PDF halitoshi, maana mfumo mwingine hauwezi kulipokea. Jaribuni mapema: mwambieni mzabuni atoe majedwali ya mikopo yote, yaani salio, riba, marejesho na wadhamini, kisha mhasibu ayalinganishe na urari (orodha ya salio za akaunti zote) wa mwezi uliopita. Jumla zikigoma kulingana, au mzabuni akidai kazi hiyo ina malipo ya ziada, msisaini.