Upepo Ukigeuka: kwa nini mvua moja haizai sawa Cheju, Makunduchi na Pemba

Ikifika Machi simu huanza kuingia ofisini, na swali ni lile lile: "Bwana shamba, masika ya mwaka huu vipi?" Wa kwanza ana jaluba la mpunga Cheju, bondeni katikati ya Unguja, wa pili analima maweni Makunduchi, kusini ya kisiwa hicho hicho, wa tatu ana mikarafuu Pemba. Wote wamesikia utabiri mmoja redioni. Nikiwapa jibu moja, wawili kati yao nitakuwa nimewapoteza.

Tuanze na upepo. Kaskazi huvuma tangu Disemba hadi Machi, ikishuka kutoka upande wa Uarabuni na Somalia. Kusi hushika Aprili au Mei, ikaenda hadi Septemba au Oktoba. Wengi hudhani mvua huja upepo unapopamba moto. Kwa Wahindi ndivyo. Kusi hii hii inayotikisa minazi yetu hupanda na pwani ya Afrika Mashariki, huvuka ikweta, hupinda kwenda mashariki na kufika Kerala, kusini mwa India, mwanzoni mwa Juni ikiwa imebeba maji ya bahari nzima. Kule ndiyo kwanza mvua zinaanza. Huku kwetu ni kipupwe, watu wanajifunika shuka.

Sisi hunyeshewa zaidi pepo zinapopokezana. Ukanda wa mawingu unaolifuata jua hupita juu ya visiwa mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei ukielekea kaskazini, ndiyo masika, Oktoba hadi Disemba ukirudi kusini, ndiyo vuli. Kati yake huanguka manyunyu ya mchoo, mnamo Julai na Agosti, ambayo mtu wa mjini huyaona kero na mwenye kunde konde huyapokea kwa mikono miwili.

Wazee walilijua hili bila mitambo. Mwaka wa Hijria hupungua siku kama 11 kwa mwaka wa jua, hivyo Ramadhani hii itaangukia kiangazi na nyengine, miaka kadhaa mbele, katikati ya masika. Kalenda ya namna hiyo haipandi mpunga. Ndiyo maana wakulima na manahodha walihesabu siku 365 kutoka Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua, kwa miongo ya siku kumi kumi, na kila kazi ikawa na mwongo wake. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambao watalii hufurika Julai kutazama watu wakichapana kwa migomba, ndio mwanzo wa hesabu hiyo. Ina ila moja: haina siku ya ziada ya mwaka mrefu, kwa hiyo huteleza siku moja kila miaka minne.

Upepo umeleta mvua. Sasa iangalie inapoangukia. Milimita 50 maana yake ni lita 50 kwa kila mita mraba, iwe Cheju au Makunduchi. Chukua tonge la kinamo, udongo mzito unaonata, wa bonde la Cheju siku ya pili baada ya mvua hiyo, ulisokote kiganjani: litatoa kamba ndefu, na kamba hiyo utaipinda iwe pete isikatike. Udongo huo hauachii maji. Unapasuka nyufa wakati wa jua, ukilowa unajifunga, na mpunga unasimama majini kama unavyotaka. Muhogo ukiupanda hapo utaoza.

Nenda sasa Makunduchi, Jambiani au Kizimkazi. Huko ni uwanda, mwamba wa matumbawe ambao zamani ulikuwa chini ya bahari. Jembe halina kazi. Mkulima huenda na panga na mtaimbo, akitafuta vishimo ambamo udongo mwekundu umekusanyika baina ya mawe, vyengine havizidi upana wa sahani. Ndani yake hutia mbegu za mtama, mbaazi, kunde, tungule, pilipili. Lita zile 50 huzama kupitia matundu ya jiwe zikaenda zake, na hutaona hata kijito. Juu ya hayo, pwani ya mashariki hupata mvua kidogo kuliko magharibi na katikati ya kisiwa. Watu wa mjini huwaita wakulima hawa wavivu kwa sababu makonde yao hayana mistari. Mimi nasema ndio mafundi wa mvua kuliko sote: wanajua vishimo vyao kimoja kimoja.

Pemba ni habari nyengine. Ni vilima na mabonde yaliyobanana, hasa upande wa magharibi, na mvua yake ni nyingi kuliko ya Unguja. Waarabu waliiita kisiwa cha kijani. Mikarafuu imekaa juu ya vilima, ambako udongo ni mzito kwa kina lakini hautuamishi maji, na mpunga uko chini mabondeni. Karafuu ilianzia Unguja. Aprili 1872 kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo yenye karafuu. Vimbunga ni nadra huku kwa sababu tuko karibu mno na ikweta, lakini kimoja tu kilitosha kuhamisha zao zima.

Mkarafuu nao una masharti. Unataka mvua nyingi, kisha unataka ukavu ili utoe maua, kisha mchumaji anataka jua. Karafuu mbichi huanikwa juu ya majamvi siku tatu hadi tano. Iliyokauka vizuri hukatika kwa mlio ukiivunja. Ikirowa ikiwa nusu njia, huvunda, husinyaa na kupauka: hiyo ndiyo mpeta, na bei yake kila mwenye shamba anaijua kwa uchungu.

Kwa hiyo utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ukisema "wastani hadi juu ya wastani", unazungumzia jumla ya maji ya msimu mzima. Vuli husukumwa sana na joto la Bahari ya Hindi upande wetu, kama ilivyokuwa 1997 na 2019 mvua zilipopita kiasi, na hapo utabiri husaidia sana. Wa Cheju asafishe mitaro mapema. Wa Makunduchi jumla haimhusu sana; yeye humwangusha ukavu wa wiki mbili katikati ya msimu, kwa hiyo apande kwa mafungu, asimalize mbegu zote kwa mvua ya kwanza. Wa Pemba ananiuliza masika, lakini analolitaka hasa ni kujua kama siku ile majamvi yake yatakapojaa karafuu kutakuwa na jua siku nne mfululizo, na hilo hakuna utabiri wa Machi unaoweza kumjibu.