Wakili yupi kwa shida ipi?

Ukipata kesi Mombasa, utaambiwa na kila mtu: tafuta "wakili wa ardhi", tafuta "wakili wa talaka". Kisheria, Kenya haina leseni za namna hiyo. Kule Uingereza kuna wanaoandaa nyaraka na kuna wanaotetea kortini. Kwetu wakili ni mmoja. Amesoma sheria chuoni, amepita Kenya School of Law, ameapishwa na jina lake likaingia katika orodha ya mawakili, na kila mwaka huchukua cheti kipya cha kufanya kazi. Mwenye digrii ya sheria pekee hawezi kusimama mbele ya hakimu kama wakili wako.

Kwa hivyo unachochagua ni uzoefu, na hapa Pwani uzoefu wa ardhi ndio unaopima watu. Tuseme umeonyeshwa nyumba Majengo, vyumba vyote vina wapangaji, bei nafuu. Mombasa nyumba yaweza kuwa ya huyu na kiwanja kikawa cha yule: unanunua kuta na paa, kiwanja unakilipia kodi. Wakili anayeyajua haya atakuuliza hata kabla hujaketi vizuri: mwenye kiwanja ni nani? Risiti za kodi ya kiwanja ziko wapi? Mwenye kiwanja anajua kuwa nyumba inauzwa? Wakili hodari wa kesi za jinai anaweza kukuandikia mkataba safi kabisa bila kuyagusa hayo. Na ukiambiwa mtumie wakili wa muuzaji nyote wawili ili kupunguza gharama, mimi ningekataa.

Mirathi, ndoa na talaka baina ya Waislamu huweza kwenda Mahakama ya Kadhi, kwa Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, ila sharti pande zote ziwe za Waislamu na zikubali kwenda huko. Wengi hujieleza wenyewe mbele ya kadhi. Lakini ndugu mmoja akigoma, tafuta wakili anayezijua njia zote mbili, ya kadhi na ya Mahakama Kuu.

Deni lisilozidi shilingi 1,000,000 lina Mahakama ya Madai Madogo, ambako kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60 na unaweza kujisimamia. Kumlipa wakili kwa sababu ya shilingi 40,000 za fundi aliyetoroka kabla ya kumaliza kazi ni kujiongezea hasara.

Hati ya kiapo hugongwa muhuri na kamishna wa viapo, yaani wakili mwenye mamlaka ya kuapisha watu, lakini si wakili yule yule anayekusimamia kwenye kesi hiyo. Ndiyo maana wakili wako hukuelekeza ofisi ya jirani. Karatasi za kupeleka ng'ambo, kwa mfano za kazi za Ghuba, mara nyingi hudai muhuri wa mthibitishaji wa hati, ambaye naye ni wakili.

Huna pesa? Anayeshtakiwa kwa mauaji hupewa wakili na serikali. Kwa mengine, jaribu huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016, au Kituo Cha Sheria, shirika lisilo la serikali linalowasaidia wasio na uwezo.

Kabla hujatoa shilingi, tafuta jina la wakili kwenye tovuti ya Chama cha Wanasheria wa Kenya uone kama cheti chake cha mwaka huu kipo. Anayekudaka langoni mwa korti akidai "anafanya kazi na wakili", muulize kwanza: wakili gani, na ofisi yake iko wapi?