Mada ya Kambi Haitafutwi Mwishoni: Dhana Potofu Kuhusu Mashindano ya Skauti

Juma lililopita mwalimu mmoja mlezi wa skauti alinipigia simu jioni, akanisalimu kwa adabu, akanieleza kwamba shule yake inaandaa kambi ya mashindano ya mwisho wa juma kwa patroli nane, yaani vikundi vidogo vya skauti, kisha akatamka maneno ambayo nimeyasikia kwa walezi wengi kiasi kwamba ningeweza kumalizia mwenyewe: "Mwalimu, michezo yote tumeshaipanga, mahema tumeshaazima, posho (unga wa ugali) na maharage tumeshanunua; kilichobaki ni wewe kututafutia mada nzuri ya kuandika kwenye bango." Nimekuwa nikiandaa na kuamua kambi za namna hii kwa miaka 14, kuanzia Kaazi kwenye ufuko wa Ziwa Victoria hadi viwanja vya shule za Bombo na Jinja hapa Uganda, na sijaona dhana iliyoharibu kambi nyingi kuliko hii ya kuamini kwamba mada ni pambo linalotafutwa mwishoni. Nitaieleza kwa urefu; nyingine nitazigusa kwa kifupi, kwa sababu hizo hurekebishika upesi.

"Mada tutaitafuta baadaye"

Walezi huchanganya mambo mawili ambayo Kiswahili kimeyatenga vizuri. Kaulimbiu ni maneno machache yanayoandikwa kwenye bango na kurudiwa na mgeni rasmi katika hotuba yake. Mada ni jambo lenyewe ambalo kijana atalishika kwa mikono yake kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Kambi inaweza kufanyika vizuri bila kaulimbiu yoyote, lakini kambi isiyo na mada ni siku ya michezo ya shule iliyohamishiwa porini, na mzazi aliyelipa nauli ya mtoto wake ana haki ya kuuliza kwa nini michezo hiyo haikufanyika uwanjani kwao.

Niliwahi kualikwa kuamua kambi ambayo bango lake, lililofungwa kati ya miembe miwili, liliandikwa kwa herufi za buluu kwamba maji ni uhai. Vituo vya mashindano vilikuwa kuvuta kamba, mbio za magunia, gwaride na nyimbo. Jumamosi baada ya chakula cha mchana nilimwona mvulana wa miaka kama 13 amechuchumaa chini ya bango lile lile, mbele yake sufuria yenye ukoko wa posho, na kando yake jerikeni ya maji ya kunywa. Aliiinamisha, akasuuza, akamwaga, akaiinamisha tena, mpaka jerikeni ya lita 20 ikawa nyepesi kiasi cha kuinuliwa kwa vidole viwili, na maji yenye makombo yakachimba kijito chembamba kilichopita kati ya viatu vyangu. Nilikuwa na karatasi ya alama mkononi. Niliisoma kutoka juu hadi chini, na hapakuwa na mstari hata mmoja ulionipa ruhusa ya kumwita na kumuuliza maji yale yalitoka wapi na mengine yatatoka wapi. Jumapili asubuhi kambi ilikuwa imekauka, na mlezi alilazimika kutuma boda boda mbili kutafuta maji ili watoto wapate chai. Mvulana yule hakukosea. Alifanya kile ambacho mashindano yetu hayakumkataza, na kosa lilikuwa letu sisi waandaaji na waamuzi.

Wapo wanaonijibu kwamba mambo ya mada ni mtindo wa siku hizi, na kwamba skauti wa zamani walipiga kambi tu. Historia haikubaliani nao. Kambi ya kwanza kabisa, ile ambayo Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliifanya katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza mnamo Agosti 1907, ilikuwa na wavulana wapatao 20 tu waliogawanywa katika patroli nne, na kila siku ilikuwa na mada yake: siku moja ilikuwa ya uchunguzi, nyingine ya kuishi porini, nyingine ya uungwana, nyingine ya kuokoa maisha. Kile ambacho vijana walifundishwa karibu na moto usiku ndicho walichokifanya kwa vitendo siku iliyofuata. Mada, kwa hiyo, ni ya zamani kuliko sherehe zetu zote za mgeni rasmi.

Sasa tuchukue mada ile ile ya maji na tuifanyie kazi inavyostahili. Ijumaa jioni kila patroli ya vijana wanane hupokea jerikeni tatu, yaani lita 60, za kunywa, kupikia na kuoshea mpaka Jumamosi jioni. Hakuna anayenyimwa maji akiyahitaji, kwani waandaaji huwa na akiba yao na kiu haitumiki kuwa adhabu, lakini kila lita ya ziada huandikwa na kuhesabiwa katika alama. Ghafla yule mvulana wa sufuria anaikwangua kwanza kwa majani makavu na majivu, bila kuamriwa na mtu, na kiongozi wake wa patroli anaamua nani aoshe na kwa kiasi gani.

Vituo vya Jumamosi hufuata mkondo huo huo. Katika kituo cha kwanza patroli hujenga kibuyu chirizi, yaani chombo cha kunawia mikono kwa maji yanayochirizika, kwa miti, kamba na jerikeni ya lita tano iliyotobolewa kwa msumari wa moto, na mwamuzi huhesabu ni jozi ngapi za mikono zinaoshwa kwa sabuni kabla maji hayajakwisha, kwa sababu uzuri wa umbo hauoshi mikono. Katika kituo cha pili huchuja maji ya tope kwa mchanga, kokoto na mkaa, kisha huulizwa kama maji hayo sasa yanafaa kunywewa. Wanaojibu ndiyo hupoteza alama nyingi, kwa kuwa kuchuja kunaondoa tope wala hakuui vijidudu, na maji lazima yachemke mpaka yatokote kwa nguvu kwa angalau dakika moja. Katika kituo cha huduma ya kwanza hupewa mtoto wa kuigiza aliyeishiwa maji mwilini kwa kuhara, nao hutayarisha lita moja ya maji safi yenye vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Katika kituo cha uokoaji, ambacho hufanyika nchi kavu, hufunga kamba kwenye jerikeni tupu yenye kifuniko na kuirusha kwa mtu aliyelala umbali wa mita 10, ili wajifunze kwamba anayezama hurushiwa kitu kinachoelea badala ya kufuatwa majini na mtoto mwenzake. Kituo cha ramani huwatuma kuchora chemchemi, visima na vyoo vya eneo hilo kwa kuhesabu hatua, na kuonyesha ni choo gani kiko chini ya mita 30 kutoka kwenye maji. Ramani iliyo bora hukabidhiwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ambaye kwa kawaida hufurahi kuipata kuliko anavyofurahia hotuba. Hata moto wa kambi hubaki kwenye mada, kwa mzee wa kijiji kuwasimulia vijana walikokuwa wakiteka maji zamani na kwa nini mahali pengine pamekauka.

Kipimo changu ninachowapa walezi ni hiki: chukua kituo kimoja kimoja, badilisha mada, kisha uone kama kituo kinabadilika. Mbio za magunia zitabaki zilezile ukisema mada ni maji, misitu au amani. Basi ziondoe, au zipeleke kwenye mapumziko ya jioni ambako hazitolewi alama. Na mada isichaguliwe na mlezi peke yake ofisini. Baraza la viongozi wa patroli likutane wiki sita kabla, liletewe mada tatu, lichague moja, na karatasi ya alama itolewe kwa wote angalau wiki tatu kabla ya kambi, kwa sababu patroli inayojua itakachopimwa hufanya mazoezi, na mazoezi hayo ndiyo mafunzo yenyewe. Walezi wanaoificha karatasi hiyo kama mtihani wa taifa hunikera sana, maana hupima bahati na kuiita ustadi.

"Vituo vingi ndiyo mashindano makubwa"

Hili ni suala la hesabu. Patroli nane zikizunguka vituo nane, kila kimoja dakika 25 na dakika 10 za kutembea na kujipanga, hutumia dakika 280, yaani saa nne na dakika 40. Ukianza saa 2 asubuhi utamaliza kabla ya saa 7 mchana. Ongeza vituo vinne nawe utafika saa 10 jioni ukihesabu na chakula, vijana wakiwa bado hawajakusanya kuni, na giza letu huingia mnamo saa 1 bila kumsubiri mtu. Ratiba ianze Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri ili vijana Waislamu wasiikose, iache nafasi ya ibada Jumapili, na pale panapokuwa na Waadventista wanaoitunza Sabato, baraza likubaliane nao mapema ni vituo gani watavifanya Jumapili.

"Skauti ni jeshi dogo, lazima wateseke"

Sivyo. Kumwamsha mtoto saa 9 usiku kukimbia kwenye umande, kumnyima chakula kwa sababu patroli yake imechelewa gwaride, au kumpigisha magoti kwenye changarawe, hakuna uhusiano wowote na ahadi aliyoiweka alipovishwa skafu. Ugumu wa kambi unatokana na kazi yenyewe, yaani kuwasha moto kwa kuni mbichi na kupikia watu wanane. Huo unatosha.

Karibu na dhana hiyo ipo nyingine, kwamba wasichana wapewe jikoni na wavulana wapewe kujenga lango la kambi. Karatasi yangu ya alama humpa kila mwanapatroli kazi kwa zamu, na patroli inayokwepa zamu hupoteza alama zote za chakula hata kama maharage yameiva vizuri.

"Ni kiangazi, mvua haitanyesha"

Likizo ya Desemba na Januari huwafanya walezi wengi kuacha maturubai nyumbani, ilhali kando ya Ziwa Victoria ngurumo huweza kuja mwezi wowote. Ninachokihofia ni radi kuliko mvua yenyewe. Juni 2011, katika shule moja ya msingi wilayani Kiryandongo, radi iliua wanafunzi 18 kwa pigo moja, tena wakiwa ndani ya shule na si porini. Hema halikingi radi, kibanda cha nyasi hakikingi, na mwembe mkubwa ambao kila mtu hukimbilia ni mahali pabaya kuliko pote. Kijana akiona mwanga aanze kuhesabu sekunde. Ngurumo ikisikika kabla ya 30, radi iko umbali wa takriban kilomita 10 au chini yake, na mashindano yote husimama mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ushauri wangu ambao walezi huupinga kwa sababu ya gharama ni kwamba basi la shule, lenye paa na kuta za chuma, lisirudi mjini bali lilale kambini, kwa kuwa gari la namna hiyo likifungwa madirisha ni kinga ya kweli mahali pasipo na jengo imara lililofungwa kinga ya radi.

"Watoto wa ziwani wanajua kuogelea"

Hata wakijua, katika kambi zangu hawaingii ziwani. Kichocho hupenya kwenye ngozi ndani ya dakika chache za kusimama kwenye maji yenye konokono wanaokibeba, na hakijali ustadi wa muogeleaji. Pale ambapo ratiba inataja ziwa, nasi tunabaki ufukweni na kamba zetu na jerikeni tupu.

"Bila fedha nyingi haiwezekani"

Nguzo za mkaratusi huazimwa, kamba husokotwa kwa maganda makavu ya migomba, na uchanja wa vyombo hujengwa kwa miti iliyoanguka. Fedha chache mlizonazo zinunue vyandarua na dawa za sanduku la huduma ya kwanza kabla ya kununua vikombe vya ushindi.

"Mashindano huisha zawadi zikitolewa"

Katika kambi ninazoziongoza alama hazijumlishwi mpaka kila kiwanja kikaguliwe Jumapili. Patroli husimama mstari mmoja kwenye mpaka wake, mahema yakiwa yamekunjwa, na mwamuzi asiyetoka katika kikosi chao hupita taratibu akitazama chini: kipande cha kamba, ganda la yai, kifuniko cha chupa. Shimo la choo liwe limefukiwa na kushindiliwa. Mwisho huinama pale mafiga yalipokuwa, akakisogeza kiganja karibu na majivu, na asipohisi joto huyashika na kuyafukua mpaka chini. Pakiwa na uvuguvugu wowote, patroli hurudi kisimani na jerikeni yake, na wengine wote wanaosubiri matokeo huwasubiri.