Kijeba halali

Saa moja kasoro asubuhi, Jumapili, uwanja wa barafu wa kitongoji kimoja huku Ontario, Kanada. Nimevaa makoti mawili na bado meno yanagongana. Watoto wa miaka 13 wanapasha misuli. Pembeni yangu amekaa baba mmoja wa Lubumbashi ambaye mwanawe ni fowadi wa timu nyeupe, na tangu tukae hajabandua macho kwa namba 9 wa timu ya pili. Mwishowe akanigeukia: "Ndugu, ule namba 9 si mtoto. Ule ni baba ya watoto."

Nikacheka, nikamwonyesha karatasi ya vikosi. Namba 9 kazaliwa tarehe 4 Januari. Mwanawe kazaliwa tarehe 19 Desemba, mwaka huohuo. Hakuna aliyeghushi cheti. Nyumbani, mchezaji aliyepunguza umri ili acheze na wadogo tunamwita kijeba, na kila mashindano ya vijana hayaishi bila zogo la vijeba. Namba 9 naye ni kijeba, ila ni kijeba halali. Kalenda ndiyo iliyomghushia.

Kazi yangu ni uskauti: natazama vijana wanaocheza hoki ya barafuni na kuandika nani achukuliwe, nani asubiriwe, nani aachwe. Swali ninaloulizwa sana na Waswahili wenzangu wenye watoto kwenye mchezo huu ni hilo la tarehe ya kuzaliwa: je, mwezi aliozaliwa mtoto unambeba au unamwangusha? Na kila mara najikuta nasema kwamba jibu lina sehemu mbili zinazopingana. Leo niliandike mara moja, nipumzike.

Huku Kanada watoto hugawanywa kwa mwaka wa kalenda. Aliyezaliwa Januari mosi na aliyezaliwa Desemba 31 wako kundi moja. Kwa mtu mzima, miezi kumi na moja na ushee ni kitu gani? Kwa mtoto wa miaka 7 ni karibu sehemu moja ya saba ya umri wake wote. Sasa nenda kwenye majaribio ya kuchagua timu. Kocha ana saa moja, watoto wamejaa barafuni, kila mmoja na namba ya karatasi mgongoni. Atamwona nani? Atamwona mrefu, mwenye mbio, asiyelia akianguka. Atasema "huyu ana kipaji", na hatakuwa anadanganya. Ndivyo macho yake yalivyomwambia.

Madhara yenyewe huja baadaye. Aliyechaguliwa anaingia timu ya daraja la juu: kocha mzuri, safari za mashindano, muda mwingi zaidi wa barafu. Na barafu ni ghali, hukodishwa kwa saa, kwa hiyo aliyebaki timu ya mtaani anapewa makombo. Miaka mitano ikipita hivyo, mtoto wa Januari anakuwa mchezaji bora kweli, siyo kwa macho tu. Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Wanaona vijana wa miaka 16 wamelingana urefu, wanasema faida ya umri imekwisha. Urefu umelingana, ndiyo. Saa za mazoezi hazijawahi kulingana.

Jambo hili halikugunduliwa na skauti, nasikia aibu kidogo kulisema. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia Roger Barnsley alikuwa kwenye mechi ya vijana mjini Lethbridge, Alberta. Mkewe, Paula, alikuwa akipitia kijitabu cha mechi, akaona tarehe za kuzaliwa za wachezaji zimerundikana kwenye miezi ya mwanzo ya mwaka. Barnsley alipochunguza ligi nyingine akakuta hali ni ileile, na mwaka 1985 wakachapisha matokeo. Maskauti waliokuwa wakishika vijitabu hivyo kila wiki hawakuona kitu.

Mimi hukumbuka mtihani wa sikio. Wazee wetu walipopelekwa kuandikishwa darasa la kwanza na hakuna cheti, mwalimu aliwaambia: pitisha mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Ukifika, ingia. Usipofika, rudi mwakani. Tunaucheka leo, lakini ulikuwa na hekima ambayo hoki imeikosa: ulipima mwili ulikofika, haukupima karatasi. Vijana wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kupishana sana kimwili, kwa sababu mmoja amebalehe mapema na mwingine bado. Katika soka ya Uingereza kuna akademi ambazo siku hizi huwapanga watoto kwenye baadhi ya mechi kwa kiwango cha kukomaa mwili badala ya mwaka wa kuzaliwa. Mtihani wa sikio umerudi na kompyuta.

Haya, hiyo ndiyo sehemu ya kwanza, ambayo wengi wanaijua. Sehemu ya pili ndiyo inayowachanganya hata watu wa kazi.

Hoki ina saa mbili, na hazisomi wakati mmoja. Ya kwanza ni ile ya Januari mosi, inayotawala utoto wote. Ya pili ni ya drafti ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika ya Kaskazini. Drafti ni pale timu zinapochagua vijana kwa zamu, usiichanganye na ile ya kusukuma kete kibarazani, ingawa ubishi wake unafanana. Ili uchaguliwe kwenye drafti ya mwaka fulani, lazima uwe umetimiza miaka 18 kufikia tarehe 15 Septemba ya mwaka huo. Ukizaliwa tarehe 16, unasubiri mwaka mzima.

Ona basi kinachotokea. Mtoto wa Novemba amekuwa mdogo wa kundi lake tangu anajifunza kusimama kwenye viatu vya chuma. Ghafla, kwenye drafti, anakuwa miongoni mwa wakubwa. Chukua nyota wawili wa NHL: Auston Matthews alizaliwa tarehe 17 Septemba 1997, Connor McDavid tarehe 13 Januari 1997. Kwa saa ya kwanza ni rika moja, na Matthews ndiye mdogo kwa miezi minane. Kwa saa ya pili, McDavid alichaguliwa wa kwanza mwaka 2015, na Matthews, aliyepitwa na mstari kwa siku mbili tu, akangoja 2016. Msimu wa kungoja aliucheza Zürich, Uswisi, dhidi ya watu wazima, akapata pointi 46 (kila bao au pasi ya bao ni pointi moja) katika mechi 36, kisha Toronto wakamchukua wa kwanza. Mechi yake ya kwanza NHL alifunga mabao manne. Aliyefuata nyuma yake kwenye drafti hiyo, Patrik Laine, alizaliwa Aprili 1998. Matthews yuleyule, mdogo huku, mkubwa kule.

Tarehe 17 Septemba hiyohiyo, mwaka 1985, ndiyo alizaliwa Alexander Ovechkin, na hapa kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 2003 timu ya Florida walijaribu kumchukua raundi ya tisa ya drafti. Waliambiwa hajafika umri, bado siku mbili. Hoja yao: hesabuni miaka ya siku 365, msihesabu siku za nyongeza za miaka mirefu. Piga hesabu mwenyewe: 1988, 1992, 1996 na 2000 zinatoa siku nne, kwa hiyo "miaka 18" inatimia tarehe 13 Septemba. Ligi ilikataa, bila shaka. Mwaka uliofuata Washington wakamchukua wa kwanza, na mwezi Aprili 2025 akafunga bao la 895 na kuivunja rekodi ya mabao ya NHL ya Wayne Gretzky. Siku mbili hizo ziliigharimu Florida nini, hesabu wewe.

Kwenye ripoti yangu haya yote yanageuka kuwa tarakimu. Kosa nililowahi kufanya, na lilirudishwa mezani kwangu limezungushiwa wino mwekundu, lilikuwa hivi. Kijana wa Novemba ana pointi 70 kwenye ligi ya vijana. Wa Agosti ana 60. Nikaandika: wa Novemba ni mdogo wa kundi, mwongezee. Hapana! Kwenye drafti ileile, wa Novemba amezaliwa mwaka wa kalenda uliotangulia. Ana miezi tisa zaidi ya mwenzake, na huu ni msimu wake wa tatu ligini wakati mwenzake yuko wa pili. Ukitaka kuwalinganisha kwa haki, chukua msimu wa pili wa wa Novemba uuweke kando ya msimu wa pili wa wa Agosti, kisha utazame. Mara nyingi picha inapinduka.

Drafti ya 2013 naitumia kufundishia. Seth Jones alizaliwa Oktoba 1994. Nathan MacKinnon alizaliwa tarehe 1 Septemba 1995, na Aleksander Barkov kesho yake, tarehe 2. Wote kapu moja, ilhali Jones amewazidi miezi kumi na moja. (Ndiyo, MacKinnon huyuhuyu ambaye, pamoja na nyota mwenzake Sidney Crosby, alicheza na vijana wa Kenya Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, walipoletwa Kanada mwaka 2018. Simu yangu haikulala wiki ile.) Barkov, mtoto wa siku kumi na tatu tu kabla ya mstari, alikuwa amepata pointi 48 katika mechi 53 kwenye ligi ya wakubwa ya Finland akiwa na miaka 17. Ukiona hesabu kama hiyo kwa mdogo wa kapu, weka kikombe cha kahawa chini. MacKinnon alikwenda wa kwanza, Barkov wa pili, Jones wa nne, na sina ugomvi na mpangilio huo.

Mtu ataniuliza: kama watoto wa mwisho wa mwaka ndio wakubwa wa drafti, si basi maskauti huwapendelea? La, na hapa ndipo pananikosesha usingizi. Mtafiti Robert Deaner na wenzake walichambua Wakanada waliochaguliwa kuanzia 1980 hadi 2007, wakachapisha mwaka 2013. Waliozaliwa nusu ya pili ya mwaka walichaguliwa nafasi zaidi ya 40 nyuma ya pale walipostahili kwa kazi waliyokuja kuifanya, na uwezekano wao wa kufikisha mechi 400 au pointi 200 ulikuwa karibu maradufu ya wenzao wa mwanzo wa mwaka waliochaguliwa nafasi sawa. Maoni yangu ni kwamba jina hutengenezwa mapema. Kijana aliyeitwa "mdogo" akiwa na miaka 14 huitwa hivyo hata akiwa na 18, na wa Oktoba tumemtazama msimu mmoja zaidi, kwa hiyo kasoro zake tunazo kwa kichwa. Na aliyefika mpaka hapo huku akisukumwa na wakubwa miaka kumi alilazimika kujifunza kitu cha kumwokoa: kutazama kabla kisahani (ndio mpira wetu wa hoki) hakijamfika, kutoa pasi mapema, kukwepa mwili.

Utasema, basi maskauti wapewe tarehe. Tunapewa. Utafiti mmoja wa soka Uholanzi, wa Mann na van Ginneken, ulionyesha kwamba kuwapa maskauti orodha ya tarehe hakukubadilisha kitu. Upendeleo ulipungua pale watoto walipovishwa jezi zenye namba kwa mpangilio wa umri. Jicho linataka kuona umri uwanjani, si kwenye karatasi. Mimi siwezi kuwabadilishia watu jezi, kwa hiyo kabla ya mechi nachora uwanja kwenye daftari na kumpa kila mtoto namba yangu: mkubwa 1, mdogo 17. Kisha naandika kwa namba zangu. Wiki za mwanzo nilichanganyikiwa vibaya. Sasa nimezoea.

Jumapili ile namba 9 alikuwa 1 wangu. Alifunga matatu, yote kwa kumpita mtu kwa nguvu za bega. Mtoto wa Lubumbashi alikuwa 17. Hakufunga. Lakini mara mbili nilimwona anageuza shingo nyuma kabla ya kupokea, na mara zote mbili kisahani kilikaa kwenye fimbo yake nusu sekunde tu.

Kipindi cha pili kilipoisha nikamuuliza baba yake, kana kwamba ni mazungumzo tu, mama yake mtoto ana urefu gani. Akanionyesha kwa mkono, juu kidogo ya kofia yake mwenyewe. Kisha akaanza kulalamika bei ya vifaa.

"Ndugu, huyu mtoto ananimalizia makuta. Tangu mwezi ya munane, hii bilatu ni ya tatu!"

Nikafungua daftari tena, nikaandika kando ya 17: viatu, jozi ya tatu.